Mchezo wa Mtoto na Elimu ya Chuoni



Yako mazoea katika miji yetu ya kudhani kwamba mtoto achezaye apoteza wakati, na kwamba elimu haiingii ila kwa bakora. Natuyapime mazoea haya kwa mizani ya Sunna.

Amepokea Abu Daud kwamba Mtume (s.a.w.), aliporejea vitani, aliwaona wanasesere wa Bibi Aisha (r.a.), na kati yao farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Alipomuuliza vipi farasi kuwa na mbawa, Bibi Aisha alimjibu kwamba Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mbawa. Mtume akacheka hata yakaonekana magego yake.

Nasi tuzingatie. Mtume hakumkemea. Na jawabu lile lilitoka wapi? Ni habari ya Nabii aliyoisikia, ikaingia katika mchezo wake, ikamkaa moyoni.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), ameeleza katika Ihyaa kwamba mtoto akitoka chuoni aruhusiwe mchezo mwema. Kwani kumzuia mchezo na kumlemeza kwa kusoma daima huua moyo wake, hufifiza akili yake, na humtia kutafuta hila ya kuikimbia elimu. Je, hatuwaoni watoto watorokao chuo, na wakisha kukua wakautoroka na msikiti?

Basi twawanasihi walimu na wazazi. Mtoto mmoja na ajifanye muadhini, mwenziwe imamu, wengine maamuma, wajue safu na rukuu. Wajenge Alkaaba ya makasha, waizunguke mara 7. Wafungue duka la vifuu, wajifunze hesabu na uaminifu wa mizani. Mwalimu awe karibu nao, akisahihisha kwa upole. Lakini Msahafu si kitu cha kuchezea. Wala mchezo usiwe na kamari wala dhihaka, wala usipitishe wakati wa sala.

Watasema wengine: sisi tulipigwa, na tukasoma. Twawajibu: wahesabuni na wale waliopigwa wasisome, waliotoka chuoni hawana herufi wala mapenzi ya dini. Adabu hatuikatai, twalikataa lile limfanyalo mtoto aichukie Qurani kabla hajaijua.

Mwenyezi Mungu atuongoze sisi na watoto wetu. Amin.