Aliyelala Kwihara na Aliyelia Mara Moja

Je, kuhesabu watu ni kumwingilia Mungu? Biblia inasimulia kwamba Daudi alihesabu watu wake, tauni ikashuka ikaua 70,000. Hata leo wapo wazee wasiopenda kutaja idadi ya wajukuu wao, wakihofia kijicho.

Mwaka 2012 ubishi wa dini na sensa nchini Tanzania ulikuwa wa namna nyingine kabisa. Sheikh Ponda Issa Ponda na wenzake waliwahimiza Waislamu wasusie sensa, lakini si kwa kuogopa kuhesabiwa: walidai wahesabiwe kwa dini yao, swali lililoulizwa mara ya mwisho mwaka 1967. Ya 2022, iliyopata watu 61,741,120, nayo haikuliuliza.

Karani wa sensa huuliza nani alilala kwenye kaya usiku wa kuamkia siku ya sensa. Kwa kanuni hiyo mmisionari David Livingstone, aliyekaa Kwihara karibu na Tabora tangu Februari hadi Agosti 1872, angehesabiwa hapo, sawa na mpagazi yeyote aliyejilaza nje ya tembe. Wakati ule haikuwa hivyo. John Shaw wa msafara wa Stanley, uliokuja kumtafuta Livingstone, alifia Kwihara, na jina lake limebaki vitabuni. Wapagazi wengi waliokufa njiani hawakukumbukwa hivyo.

Karani huuliza pia kama kuna aliyefariki katika kaya ndani ya miezi 12 iliyopita. Hapo ndipo kazi ilipo. Mtoto aliyeishi saa moja, akazikwa jioni ileile, ni rahisi kurukwa. “Hakuna,” baba hujibu, wala hadhani amedanganya.

Ajabu ni kwamba dini ya baba huyo haimruki mtoto. Katika fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, mtoto aliyetoa sauti alipozaliwa hupewa jina, huoshwa, husaliwa, na huingia hata katika mirathi. Kwa Wakatoliki, mtoto aliye katika hatari ya kufa aweza kubatizwa na mtu yeyote, mkunga akiwemo. Shirika la Afya Duniani nalo linamhesabu kuwa alizaliwa hai akionyesha dalili moja tu ya uhai, kama vile pumzi, mapigo ya moyo au msuli kucheza. Mafakihi walitangulia kwa karne nyingi.

Kwa hiyo wanaopanga huduma za wazazi na watoto wachanga Tabora wangefaidika kumuuliza imamu wa mtaa na katekista wa kigango, ambao huenda walishika jeneza lile dogo, kabla ya kuandika sifuri.