Nani Anabeba Uzito wa Nywele Zako?

Somo: Wagalatia 6:2–5, 1 Wakorintho 10:23–33



Kwa wiki kadhaa sasa swali moja linazunguka katika ushirika wa nyumbani, kuanzia hapa Kitengela hadi kwa wenzetu wa Kajiado mjini: je, mtu aliyeokoka anaweza kuvaa nywele za mtu mwingine? Hatuzungumzi juu ya zile za nailoni tulizozoea kusukia. Tunazungumza juu ya nywele za binadamu, zile zinazoshikanishwa na nywele zako kwa vishanga vidogo vinavyobanwa kwa koleo, bila gundi wala uzi. Wengine wanasema ni dhambi, basi. Wengine wanasema Mungu anaangalia moyo, tusisumbuane. Mimi naona pande zote mbili zimekimbilia jibu kabla ya kuliangalia swali vizuri.

Tuanze na zilikotoka. Nywele nyingi zinazouzwa duniani zinatoka India na China. Kule India, katika hekalu la Tirumala karibu na mji wa Tirupati, mahujaji hunyoa vichwa kutimiza nadhiri, na hekalu huuza nywele hizo kwa mnada. Mwaka wa 2004 marabi wa Kiyahudi walitoa uamuzi kwamba wigi za nywele hizo zisivaliwe kwa sababu zimetokana na ibada ya miungu mingine, na wanawake wakachoma wigi zao barabarani Jerusalem na Brooklyn. Kwa hivyo dada anayeuliza kama anaweza kuimba madhabahuni na nywele zilizonyolewa hekaluni haulizi upuuzi. Wenye hekima wameliumiza kichwa swali hilo.

Lakini Paulo alishakutana nalo, ila wakati huo lilikuwa la nyama. Kule Korintho nyama iliyotolewa kwa sanamu ilifika sokoni na kuuzwa kama nyama nyingine. Paulo akawaambia wale kinachouzwa sokoni bila kuulizauliza, kwa sababu dunia yote ni ya Bwana. Sanamu haina uwezo wa kuchafua alichoumba Mungu. Halafu akaongeza jambo ambalo watu wa "Mungu anaangalia moyo" hulisahau: ukimkwaza ndugu yako kwa uhuru wako, uhuru huo umegeuka. Na katika Warumi 14 anasema kwamba kama dhamiri yako inakushtaki, usifanye. Kwa hivyo dada, kama ukizivaa unaona hekalu kila ukijiangalia kwenye kioo, zitoe. Kama dhamiri yako iko huru, hakuna pepo kwenye unywele.

Swali la unajisi limeisha hapo. Lililobaki ni gumu zaidi: nani anabeba uzito?

Angalia kazi ya nywele zenyewe. Unywele uliokatwa hauna mzizi, haupati tena mafuta ya kichwa, kwa hivyo kila kitu unakitegemea wewe. Uchane kuanzia kwenye ncha ukipanda juu, huku umeshika karibu na kishanga ili usivute. Uoshe kwa shampuu isiyo kali. Mafuta na kondishna viishie katikati na kwenye ncha, kwa sababu vikifika kwenye kishanga nywele zinateleza. Maji ya chumvi ya visima vyetu vya huku yanazikausha, kwa hivyo wengi humalizia kusuuza kwa maji ya mvua waliyoyateka. Zikauke kabisa kabla ya kulala, uzifunge, uvae kofia ya satini. Na kila baada ya wiki sita hadi nane urudi kwa msusi avipandishe vishanga, kwa sababu nywele zako zimekua na vishanga vimeshuka.

Hapo ndipo somo lilipo. Kishanga hakijashikilia hewa. Kimening'inia kwenye nywele zako mwenyewe. Watu wanakusifu kwa zile ndefu zinazoonekana, lakini zinazofanya kazi ni hizi fupi zisizoonekana. Zikizidiwa, au ukipitisha miezi bila kurudi, zinaanza kung'oka pembeni mwa uso, na zikivutwa kwa muda mrefu mzizi unaweza kufa zisiote tena. Kichwa kikiuma au vipele vikitokea kwenye paji la uso, mwili unakwambia mzigo umezidi. Usivumilie eti urembo ni maumivu. Mwili huo ni hekalu la Roho Mtakatifu.

Nyumba nayo iko hivyohivyo. Nilipokuwa nikisomea biashara tulifundishwa kutofautisha bei ya kununua na gharama ya kumiliki. Tuchukue mfano wa hesabu tu, wewe utaweka bei zako. Umenunua nywele kwa shilingi 20,000. Kwa mwaka unarudi kwa msusi mara sita, kila mara 2,000, hiyo ni 12,000. Jumla 32,000, karibu 2,700 kila mwezi, kabla hujanunua shampuu. Kama mapato yanaweza kubeba, ni sawa, shukuru Mungu na ufurahie. Lakini kama ni mkopo wa chama, na mtoto anarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, basi huyo mtoto ndiye kishanga kimeshikilia nywele zake. Anabeba na haonekani. Bwana Yesu alituambia mtu akitaka kujenga mnara akae kwanza ahesabu gharama.

Ndugu wanaume, msicheke. Gari la mkopo ambalo mama watoto analilipia kwa kupunguza unga ni nywele za kununua. Simu ya bei ghali wakati kodi ya nyumba haijalipwa, hizo pia ni nywele.

Kuna mwingine anayebeba, naye ni msusi. Tunalipa dukani bei yote bila kubishana, halafu dada aliyesimama masaa matano tunamwambia, "Nipunguzie, mimi ni mteja wako." Wengi wao hulipwa kwa kichwa kimoja kimoja, mteja asipokuja, hakuna chakula. Yakobo 5 inasema ujira wa mfanyakazi uliozuiliwa hupiga kelele, na kelele hiyo inafika masikioni mwa Bwana. Hivi tukisifu na mikono juu, na nywele zimetulia vizuri, kelele ya nani inasikika mbinguni?

Sasa mtu atasema, basi kanisa lipige marufuku yamalizike. Naelewa. Lakini marufuku nayo ni mzigo, na lazima tuulize anaubeba nani. Tuko na dada ambao nywele zao zimeisha kwa matibabu ya saratani. Wengine zimetoka kwa ugonjwa, na wigi ndiyo inawapa ujasiri wa kuja ibadani. Ukisimama madhabahuni na kulaani kila nywele ya kununua, wao ndio watakaoacha kuja, na wewe hutajua kwa nini. Yesu aliwakemea Mafarisayo waliofungia watu mizigo mizito nao wenyewe hawaigusi hata kwa kidole. Na tuseme ukweli, mhubiri mwanaume hulipi chochote ukikataza nywele.

Majirani wetu pia wanaweza kutufundisha. Mama wa Kimaasai hunyoa kichwa chake, akavaa shanga zake, na hakuna anayesema amepungukiwa na uzuri. Shanga zenyewe ni za kioo, zililetwa na biashara kutoka Ulaya, kwa hivyo kitu kuwa cha kigeni hakukifanyi kiwe kibaya. Na moran hufuga nywele kwa miaka, akazisuka na kuzipaka udongo mwekundu na mafuta. Ndiyo fahari yake. Lakini siku ya Eunoto ikifika, anakaa chini na mama yake anamnyoa. Anainuka bila nywele na bado ni mtu, tena ameingia katika heshima nyingine. Basi jipime hapo: je, unaweza kuziweka chini? Kama huwezi kuja ibadani, au kufungua mlango kwa mgeni, kwa sababu hazijatengenezwa, basi wewe si mwenye nywele tena. Nywele ndizo zina wewe.

Wagalatia 6 inatuambia mambo mawili yanayoonekana kupingana: tubebeane mizigo, na kila mtu abebe mzigo wake mwenyewe. Hayapingani. Urembo wangu ni mzigo wangu. Nisimtwike mtoto, mume, mke wala msusi. Ugonjwa wa dada yangu na aibu yake ni mzigo wetu sote. Petro hakusema urembo wa nje ni uchafu, alisema usiwe ndio urembo wetu.

Ya kujadili nyumbani na katika ushirika
1. Ni kitu gani ninachojivunia ambacho mtu mwingine ndiye anayekibeba?
2. Nikikiweka chini mwezi mmoja, nani atapumua?
3. Nimemlipa nani chini ya kazi aliyonifanyia? Nitarekebisha lini?

Tuombe: Bwana, utuonyeshe wanaotubeba bila kuonekana. Utupe neema ya kuwapunguzia. Katika jina la Yesu, amina.