Kutafuta Yaliyositirika

Waingereza wana mnyama mdogo afananaye na kicheche, aitwaye fereti. Tangu zamani humfuga kwa kuwindia sungura: hutega nyavu midomoni mwa mashimo, kisha humwingiza yeye ndani, na sungura watokapo mbio hunaswa. Kwa jina lake wamefanya neno la kumtajia mtu asiyeacha kutafuta siri mpaka aitoe nje, kwa wema au kwa ubaya. Sisi hatuchanganyi hivyo: twasema kuchunguza tukisifu, kupekua tukichukia, na kuchakura twamwachia kuku. Lakini je, tofauti i wapi?

Wengi hujibu kwamba i katika siri yenyewe, yaani mambo ya nyumba ya mtu yasiguswe. Jibu hili halitutoshi, maana pengine mauti yamo humo humo nyumbani.

Mwaka 1854 kipindupindu kilizuka Broad Street, mjini London, kikaua watu zaidi ya 600 katika mtaa ule. Daktari John Snow alisema kwamba ugonjwa umo katika maji ya kisima wanachoteka, na tarehe 8 Septemba mpini wa bomba la kisima uliondolewa. Kasisi msaidizi wa mtaa, Henry Whitehead, hakusadiki. Akaenda nyumba kwa nyumba, nyingine akazirudia, apate kuonyesha kwamba daktari amekosea. Kadiri alivyouliza, ndivyo majibu yalivyomshinda, hata akakiri kwamba Snow amesema kweli.

Hapo ndipo tuonapo tofauti. Mpekuzi amekwisha kukata hukumu kabla ya kupiga hodi. Akisikia neno lisilomfaa, hulitupa. Mchunguzi hukubali kushindwa na lile alionalo. Nalo ni gumu, hasa kwetu sisi walimu, tupendao kuwa na jibu kabla ya swali.

Mwaka 1855 Whitehead aligundua kwamba katika nyumba namba 40 mtoto mchanga aliugua kabla ya wengine, akafa, na mama yake alikuwa akimwaga maji ya kufulia nguo zake katika shimo la uchafu mbele ya nyumba. Masengenyo yangaliishia hapo, kwa mama aliyefiwa. Yeye aliipasha kamati ya mtaa habari, na shimo likafukuliwa. Matofali yake yalikuwa yamelegea, uchafu ukipenya, na kisima kilikuwa karibu nalo, yapata futi tatu tu.