Kona Haijui Nyuzi Tisini

Mwanangu, keti kwanza, unywe chai. Nimekuona unavyoizungukazunguka ile mashine ya kukatia kona. Sikulaumu. Inageuka kushoto na kulia, inalala ubavu, inakata mninga kama mkate. Nilipoipata mara ya kwanza, mimi nilidhani ufundi nimeumaliza.

Tulikuwa na sebule ya kupiga konisi, mninga mtupu. Nikaweka nyuzi 45, nikakata ncha zote nane asubuhi ile ile. Mchana nikapanda ngazi. Chini, ukutani, vipande vimegusana. Juu, kwenye dari, pameachama, sarafu inapita. Nikapima kona: nyuzi 92. Mwashi alipiga plasta ikajaa pembeni, akaenda zake. Nusu yake ni 46; ukiitoa kwenye 90, nilipaswa kuweka mashine 44 kila upande. Lakini mbao ilikwisha katwa, na mninga haurefuki.

Nikaficha. Nikachanganya vumbi la mbao na gundi, nikajaza, nikapiga msasa. Vanishi ilipopita juu yake, gundi ikaikataa, doa likabaki jeupe. Mama mwenye nyumba hakusema neno. Siku tatu nilizobaki nikifunga milango, alinikaribisha chai kila asubuhi, kisha akaitazama ile kona. Afadhali angenigombeza.

Kwa hiyo ukuta uupime wewe, mwanangu, usiuulize mashine. Gawa kwa mbili kile ulichokipata, kisha jibu litoe kwenye 90; hicho ndicho cha kuweka kwenye mashine. Konisi iweke juu chini: upande wa dari ulale mezani, upande wa ukuta uegemee kingo ya nyuma. Hapo kushoto na kulia hubadilishana, na kichwa huchanganyikiwa. Mimi nimeshakata vipande viwili vya kulia kwa kona moja, mbele ya msaidizi wangu, na sikucheka. Ukitaka kuilaza chali, konisi inayosimama nyuzi 38 toka ukutani hutaka meza igeuzwe 31.6 na kichwa cha mashine kilale 33.9. Lakini namba hizo ni za kona ya 90 kamili, na kona kamili nimezikuta chache.

Tena, kata kirefu. Meno yenyewe hula kama milimita tatu, basi yaweke upande wa kutupa, halafu punguza kidogo kidogo hadi kikae. Ukimaliza kukata, achia swichi, ungoje meno yasimame ndipo uinue. Niliinua mapema siku moja. Kipande cha ukubwa wa kidole kikaruka, kikapita karibu na sikio langu. Mkono wako uwe sentimita 15 toka kwenye meno, hata kama kipande ni kifupi. Kikiwa kifupi mno, kifunge kwa klampu.

Najua mteja anapiga simu. Mwache apige. Ule mninga mpya usiuguse leo. Chini ya meza kuna masalia mawili ya konisi ile ile. Yachukue, pandisha ngazi, tuanze na kona ya nyuma ya mlango.