Daftari la Marehemu

Turubai likishashushwa na viti vya kukodi vikirudishwa kwa mwenyewe, nyumba ya msiba hubaki na ukimya wake. Wiki hii nimekaa katika ukimya huo na mzee mmoja aliyemzika mwanawe, na muda wote nikawa namkumbuka James Jarvis.

Jarvis ni mtu wa kwenye riwaya, Cry, the Beloved Country, ya Alan Paton wa Afrika Kusini, iliyochapishwa mwaka 1948. Walioisoma humkumbuka zaidi Stephen Kumalo, mchungaji mzee wa kijiji cha Ndotsheni kule Natal, anayepanda treni kwenda Johannesburg kumtafuta dada yake na mwanawe, Absalom. Jarvis ni mkulima wa Kizungu mwenye shamba juu ya bonde hilohilo. Mtoto wake wa pekee, Arthur, anapigwa risasi nyumbani kwake Johannesburg na vijana walioingia kuiba. Aliyefyatua ni Absalom.

Paton aliwajua vijana wa namna hiyo, kwa kuwa tangu 1935 alikuwa mkuu wa Diepkloof, shule ya maadilisho ya wavulana wa Kiafrika. Jina la Absalom nalo hakuliokota njiani. Sote tunakijua kilio cha Daudi kwa mwanawe Absalomu katika chumba cha juu ya lango, 2 Samweli 18. Tunachokipita haraka ni sura ya 14: Absalomu alikaa Yerusalemu miaka miwili mizima bila kuuona uso wa mfalme. Baba na mwana mji mmoja, miaka miwili, hawaonani. Mimi siwezi tena kukisikia kile kilio bila kuihesabu miaka hiyo. Daudi alimlilia mtoto aliyekuwa ameacha kumtazama.

Naye Jarvis alikuwa hivyo. Alimpenda Arthur, alijivunia kuwa mwanawe ni mhandisi, lakini mambo aliyoyaandika na kuyasimamia Arthur kuhusu haki za Waafrika hakuyafuatilia. Hawakuwa na mtazamo mmoja juu ya mambo hayo. Ni baada ya kifo ndipo anaingia katika chumba cha mwanawe cha kusomea. Ukutani kuna picha ya Kristo msalabani na ya Abraham Lincoln. Vitabu vimejaa. Mezani kuna karatasi za mtu aliyedhani atarudi kuzimalizia. Mzee anaketi kwenye kiti cha mwanawe, anasoma.

Na anakutana na maneno yanayomchoma. Arthur ameandika kwamba nyumbani alifundishwa heshima, hisani na ukarimu, ila kuhusu Afrika Kusini hakufundishwa chochote. Baba mzazi anasoma hayo, na aliyeyaandika hayupo wa kuulizwa. Jarvis anaumia, anakasirika, anainuka na kutoka chumbani. Kisha anarudi, anaketi palepale, anaendelea kusoma.

Nimeusoma ukurasa huo mara nyingi, na kila mara hupumzika hapo anaporudi. Angeweza kuufunga mlango na kuondoka na mwanawe yule wa picha ya kwenye fremu. Wengi wetu ndivyo tufanyavyo. Tunasimama makaburini tunasoma wasifu wa marehemu, kazaliwa lini, kasoma wapi, kaacha mjane na watoto wangapi, na kwa kuwa marehemu hasemwi, nusu karatasi ile inakuwa ndiyo mtu mzima. Halafu tunagawana nguo. Yaliyobaki kati ya baba na mwana yanafukiwa pamoja na jeneza, na wakati mwingine ndugu wanakaa miaka meza moja bila kulitaja jina.

Mzee niliyekuwa naye wiki hii alikuwa amelalamika miaka mingi kwamba kijana wake amemsahau. Kijana alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki mjini. Baada ya mazishi wenzake walileta mfuko wa plastiki: kalamu, kalenda, na daftari la counter lenye alama za vidole vya grisi. Ndani, madeni ya wateja, na kila mwisho wa mwezi mstari mmoja: Mzee, dawa ya presha. Dawa hizo zilikuwa zikiletwa na binti yake, na mzee aliamini ni za binti. Akazipitishia kidole zile tarehe, mwezi kwa mwezi, midomo ikitembea. Kisha akafika kwenye jambo jingine lililoandikwa humo, ambalo halikuwa la kumfurahisha na ambalo si langu kulisema. Akalifunga daftari akatazama uani, kuku wakipita. Sikusema neno. Akalifungua tena.

Katika riwaya, Kumalo anakutana na Jarvis mlangoni mwa nyumba ya watu, miguu inamwishia nguvu, na anamwambia ni mwanawe aliyemuua mwana wa huyu. Jarvis anatembea bustanini peke yake, kisha anarejea na kuzungumza naye. Kijijini, mjukuu wake, mtoto wa Arthur, anafika kwa mchungaji na kuomba maziwa. Anaambiwa hakuna, ng'ombe wanakufa na watoto wadogo wanakufa. Haukupita muda, maziwa yakaanza kuletwa Ndotsheni kutoka shambani kwa Jarvis, kwa ajili ya watoto ambao hawajaanza shule. Sidhani angeyatuma bila zile karatasi. Alikuwa ameanza kuyaona aliyoyaona Arthur.

Absalom hakupewa msamaha. Jarvis alipoambiwa siku ya kunyongwa, alimwahidi Kumalo kwamba naye ataikumbuka. Usiku wa kuamkia siku hiyo mchungaji alipanda mlimani na chai na vikate vya mahindi, akakesha mpaka alfajiri, saa ya mwanawe.

Mzee wangu macho hayaoni vizuri jioni, na mwandiko wa kijana ni wa kubanana. Ameniomba nirudi Alhamisi mchana nimsomee. Zimebaki kurasa kama thelathini.