Jina la Kwenye Chupa ya Jamu

Mtunzi anayejificha nyuma ya jina lisilo lake, je, ni mwongo? Malenga wa Uswahilini hutumia lakabu, na mtaa mzima humjua mwenyewe. Lakabu ni pambo. Ya James Tiptree, Jr. ilikuwa pazia.

Hadithi zake za kisayansi zilianza kuchapishwa Marekani mwaka 1968. Hakuna mhariri aliyemwona. Anwani yake ilikuwa sanduku la posta. Kwa barua alifanya urafiki na waandishi wenziwe, Ursula K. Le Guin na Joanna Russ miongoni mwao, akawasimulia safari yake ya utotoni huko Kongo, utumishi wake jeshini na kazi ya ujasusi. Yote hayo yalikuwa kweli. Mwaka 1975 Robert Silverberg, akimwandikia utangulizi wa kitabu, aliona ni upuuzi kudhani kwamba Tiptree ni mwanamke.

Mwishoni mwa 1976 mamake Tiptree alifariki, na tanzia gazetini ikafichua siri. Tiptree alikuwa Alice Sheldon, bibi wa miaka 61 mwenye shahada ya udaktari katika saikolojia. Jina aliliokota dukani, kwenye chupa ya jamu ya machungwa, mumewe ndiye aliyeongeza ile “Jr.”

Silverberg alikiri kosa lake kiungwana. Lakini ni nani hasa aliyemdanganya? Alice alinyamazia jambo moja, na msomaji akalijaza pengo kwa mazoea yake: kwamba anayezijua bunduki na siri za serikali hana budi kuwa mwanamume. Kosa la namna hiyo ni la msomaji.

Utetezi huo, hata hivyo, haufiki mbali. Rafiki anayefungua moyo wake kwa barua hustahili kumjua anayemfungulia, na ukimya wa miaka si jambo dogo. Alice mwenyewe aliujua mpaka. Hadithi yake ya 1973, “The Women Men Don't See”, iliposhindanishwa kwa tuzo ya Nebula, aliiondoa. Wasomaji wanawake walikuwa wakimsifu Tiptree kwa kuwaelewa wanawake, yeye mwanamume, na sifa hiyo hakuweza kuipokea.

Tuzo nyingine alizipokea, kwa jina lile lile la chupa.