Nasaba ya Kuvumwani

Mtu akitoka Nyeri akapita njia ya Naro Moru kuuendea Mlima Kenya, huyakuta mawe na magogo yamevikwa kuvumwani: mimea midogo isiyo na mizizi ya kweli, wala ua, wala mbegu, inayonywa mvua na umande kwa majani yake. Sisi watu wa pwani hatuijui ila kwa kuikwangua, kwa kuwa hutelezesha ngazi za birika. Na hali maji ya mto Tana, unaoingia baharini kwetu karibu na Kipini, yaanzia katika mlima huo na ile ya Nyandarua, ambako mimea hii huyazuia matone yasikimbie upesi.

Miongoni mwa kuvumwani mna ukoo uitwao Bryaceae, uliotapakaa duniani kote. Mmoja wao, Bryum argenteum, mwenye rangi ya fedha, huota katika nyufa za barabara za miji mikubwa na hata Antarctica. Aliyeweka msingi wa kuipanga mimea hii ni Johann Hedwig wa Leipzig. Kitabu chake kilipigwa chapa mwaka 1801, naye alikwisha kufa tangu 1799. Yeye alitazama meno madogo yaliyouzunguka mdomo wa kifuko cha vumbi la uzazi. Waliomfuata waliiweka Pohlia, ambayo nayo huota katika milima yetu, pamoja na Bryum, kwani vifuko vyao huinama na sura zao hufanana. Ikakaa humo muda mrefu. Karne ya 20 ikielekea kwisha zikachunguzwa chembe za urithi, ikadhihiri kuwa Pohlia ni ya ukoo mwingine, Mniaceae, ikahamishwa.

Hapa, ndugu msomaji, pana swali. Ikiwa ukoo wabadilishwa kwa kalamu, je, upo kweli au ni jina tu? Nionavyo mimi, upo. Kuzaliana kulitokea, tujue tusijue. Kilichobadilika ni madai yetu. Asemaye kwamba wataalamu wamejikanusha, basi hawajui kitu, hakufikiri: lau wangaliona haya kulifungua tena daftari, Pohlia ingalibaki ugenini hata leo.

Nasi mijini mwetu tunayo madaftari ya nasaba, na wapo wanaoulizwa ukoo kabla ya kuulizwa haja. Pohlia haikupungukiwa na kitu ilipohamishwa. Mvua ya Mlima Kenya yaishukia vilevile. Lakini kijana aliyerudishiwa posa yake kwa kuwa sura yake ni ya bara, nani amelifungua tena daftari kwa ajili yake?